Kwa Asajile, Unayekwenda Kufunga Kamera Majumbani mwa Watu

Tunduma, jioni ya kuamkia safari yako

Asajile mwanangu,

Habari za sweta, za kula vizuri na za kutopanga chumba karibu na baa, baba yako amekueleza tangu juzi mpaka umechoka, na mimi sitazirudia. Ukiona njaa utakula. Nimejifungia chumbani nikidai nakunja nguo zako, na kweli zimekwisha kunjwa, ziko hapa kitandani pembeni yangu. Nimekaa kuandika kwa sababu mimi na wewe tukikaa uso kwa uso tunaishia kutaniana, na haya ninayotaka kusema si ya utani.

Kesho unakwenda Dodoma kufunga kamera ndani ya nyumba za watu. Kazi yangu hiyo. Majirani wanadhani nilikuandaa uirithi. Sikuandaa kitu. Hata mimi niliikuta tu njiani.

Unajua nilishuka kutoka Ibaba, kule Ileje, nikiwa binti, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza nilishuka kufanya nini. Mjomba wangu, fundi umeme, alikuwa amejenga hapa Tunduma. Mkewe alikuwa na watoto wadogo, wakaniita niwasaidie kazi za ndani. Nilikuwa napika, nafua, nabeba mtoto. Nilikuwa nalia sana wakati ule. Nilitoka kwenye ukungu na harufu ya kahawa iliyoanikwa, nikaingia kwenye mji wa malori, watu wanaongea Kiswahili kwa haraka, Wazambia wanavuka na salamu zao za "mulishani mukwai", na mimi nina Kindali changu tu na Kiswahili cha shuleni. Nikisema neno watu wanacheka, wananiuliza, "Wewe dada, umetokea Ileje eeh?"

Siku moja mjomba alikuwa juu ya dari ya nyumba yake mwenyewe, akaita mtu ampe koleo. Hakukuwa na mtu. Nikapanda ngazi na mtoto mgongoni, nikampa. Akaniuliza, "Huogopi kupanda?" Nikamwambia kwetu tunapanda milima tangu tukiwa wadogo, ngazi ni nini? Akacheka. Kuanzia hapo kila nilipomaliza vyombo nilikuwa namfuata. Mkewe alinuna mwanzoni, baadaye akakubali. Mjomba alinifundisha pole pole. Alikuwa na neno lake moja, akinikuta nafanya kwa pupa: "Umeme hauna haraka, binti yangu. Utakusubiri mpaka ulale." Nilikuwa nadhani ni maneno ya wazee tu. Nilikuja kuyaelewa kwa Bi Rukia, na hapo ndipo ninapotaka kukupeleka.

Lakini ngoja kwanza. Nikikumbuka miaka ile siwezi kuruka foleni. Baba yako alikuwa dereva wa malori ya Lusaka, na ulipokuwa mchanga foleni ya mpakani ilikuwa inaweza kumkamata humu humu mjini. Hebu fikiri, mume wako yuko Tunduma, nyumba yake iko Tunduma, na hawezi kuja kulala kwake kwa sababu akiacha lori wezi wanafyonza mafuta. Basi nilikuwa nakufunga mgongoni, nabeba hotpoti la wali na maharage, napita katikati ya malori nikisoma namba moja moja mpaka nimwone. Tulikuwa tunakula watatu juu ndani ya kichwa cha lori. Wewe ulikuwa unapenda kushika usukani. Injini zinanguruma pande zote, vumbi limetanda, na baba yako anakuambia, "Twende Lusaka, dereva!" Unapiga kelele mpaka madereva wengine wanachungulia. Watu wanasema maisha yale yalikuwa ya tabu. Yalikuwa ya tabu. Lakini mimi nikipita sasa barabara ile, nikakuta lori limezima limeegeshwa, moyo unaniambia niangalie kama kuna mtu anasubiri chakula.

Kamera zilipoanza kuingia mjini, mafundi wanaume walizifunga madukani, magetini na kwenye maghala. Ndani ya nyumba ilikuwa shida. Matajiri wengi wa usafirishaji hapa ni Waislamu, watu wa Kondoa, wa Tanga, wa Kigoma, na mume akiwa safarini mkewe hataki mwanaume aingie mpaka korido ya vyumba vya ndani na ngazi yake. Ndipo watu wakakumbuka kwamba mjini kuna fundi mwanamke. Mjomba alikuwa amezeeka, hapandi tena, lakini leseni yake bado ilikuwa hai na jina lake bado linaheshimika. Mimi nilikuwa na mikono.

Bi Rukia alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuniita. Mume wake, Mzee Salumu, alikuwa na malori, na kila akisafiri mkewe alikuwa hapati usingizi, anasikia vishindo. Nyumba yao ilikuwa kubwa, dari yote ya jipsamu nyeupe, ya kukatwa maua. Alitaka kamera sebuleni, kwenye korido na jikoni. Ndani mlikuwa na yeye, watoto wake, mama mkwe wake aliyekuwa hatembei vizuri, na binti wa kazi aliyeitwa Suzana, Mnamwanga kutoka huko Momba, mpole, anaongea kama anaomba radhi.

Nilitaka nimalize upesi. Sina sababu nyingine ya kukupa. Nilijiona fundi, simu zilikuwa zinaita kutoka nyumba nyingine, na kamera nilizichukulia kama vitu vidogo. Zinakula umeme kidogo, nikajiambia, kuna haja gani ya kuzitolea laini yake kutoka kwenye meni swichi? Nikapanda darini, nikaukuta waya unaokwenda kwenye soketi za jikoni. Nikaukata, nikausokota pamoja na waya wangu, nikazungushia tepu nyeusi, nikauacha umelala juu ya mbao. Hata kisanduku cha kuungia sikuweka. Waya za kamera nikazipitisha kwenye bomba lile lile la umeme mkubwa kwa sababu lilikuwa na nafasi. Ukuta wa korido nilitaka kuutoboa juu kabisa, drili ikagoma kwenye linta, ile boriti ya zege inayopita juu ya milango, nikailazimisha mpaka nikagusa nondo, ndipo nikahamia pembeni, nikaacha tundu wazi. Kwa chini huoni kitu. Kwa chini ni dari nyeupe na kamera zinazopendeza. Bi Rukia alinishukuru akanipa na sambusa nikuletee, ukazimaliza zote peke yako kabla baba yako hajarudi.

Kile kifundo changu, kumbe, ndicho umeme wote wa jikoni ulikuwa unapitia. Friji, birika la umeme, pasi ya watoto wa shule. Kila wakiwasha kitu, kifundo kinapata moto kidogo, tepu inalainika kidogo, waya unalegea kidogo. Mjomba alikuwa ameniambia. Ulikuwa unasubiri.

Ilikuwa mchana. Bi Rukia alikuwa ametoka kwenda msibani. Suzana alikuwa anapiga pasi sare za shule akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Akadhani ni pasi. Akaichomoa, harufu ikabaki. Akatazama juu, akaona jipsamu inageuka rangi kama mkate. Yule binti hakupiga kelele. Alikwenda kwenye meni swichi akaishusha, halafu akaingia chumbani kwa bibi, yule mama mkwe, akambeba. Mama mzima yule, mnene, na Suzana ni mwembamba kama ufito. Akamtoa mpaka uani, akawarudia watoto, ndipo akaita majirani. Walipotoboa dari walikuta ubao umeshika moto, wakauzima kwa mchanga. Wangechelewa kidogo tu, nisingekuwa na kazi ya kukurithisha, na wala nisingekuwa na uso wa kupita mtaa ule.

Bi Rukia alinipigia simu. Nilipofika alikuwa amesimama sebuleni, buibui lake lina vumbi la jipsamu. Kabla sijasalimia akasema:

"Fundi, usije ukaniambia ni panya. Panya wa nyumba hii nawajua."

"Si panya, Bi Rukia."

"Panda ukaangalie."

Nikapanda. Nilikiona kifundo changu, cheusi, kimekuwa donge. Nilikaa pale darini, tochi mkononi. Nilimsikia bibi uani anaomba maji. Niliposhuka nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilikuwa hata nimekusanya vifaa vyangu.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Nakupisha utafute fundi mwingine, mama."

"Mwingine nimtoe wapi ambaye ataingia humu ndani? Utarudia wewe. Ila safari hii nitaweka kiti changu chini ya ngazi yako, na kila waya utanieleza."

Na kweli aliweka kiti. Nilimwendea mjomba nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alivaa viatu, akachukua fimbo yake, tukaenda wote, akakaa pembeni ya Bi Rukia kama hakimu wa pili. Alinituma pia kwa mkaguzi wa majengo wa halmashauri nikaulize kuhusu yale matundu. Yule mkaguzi alikuja akatazama linta, akasema nina bahati nondo haikukatika, kwamba linta na nguzo za nyumba hazitobolewi hovyo na mtu yeyote, na kwamba tundu linalopita ukutani lizibwe, maana moto na moshi vikipata njia havibishi hodi.

Tukaanza upya. Mjomba alitoa laini ya kamera moja kwa moja kutoka meni swichi, ina breka yake ndogo, ili siku ikiharibika ijizime yenyewe bila kuburuta jikoni. Maungio yote tukayatia ndani ya visanduku, na visanduku tukaviweka mahali ambapo mtu anaweza kuvifikia bila kubomoa. Waya za kamera zikapata bomba lake, mbali na umeme mkubwa. Kamera nikazifunga kwenye mbao, si kwenye jipsamu tupu, maana jipsamu haishiki skrubu, siku moja ingemdondokea mtoto. Na kila nikigusa kitu, sauti inatoka chini:

"Huo unakwenda wapi?"

"Sebuleni."

"Na ule mwekundu?"

"Ule ni wa taa, Bi Rukia, wa siku nyingi, si wangu."

"Uangalie na wenyewe. Umeshapanda."

Kamera ya jikoni nilikuwa nimeining'iniza karibu na jiko. Akaniuliza, "Mafuta yakiruka?" Tukaihamisha.

Asajile, sijawahi kufundishwa kazi kama nilivyofundishwa na yule mwanamke ambaye hajawahi kushika tesita. Sikufundishwa kwa maarifa yake. Ni kule kulazimika kusema kwa maneno kila ninachokifanya. Kuna mambo mkono unaweza kuyafanya kwa ujanja, lakini ukiambiwa uyaeleze kwa mama mwenye nyumba, mdomo unakataa. Nilikuwa nafika kwenye sehemu ya kuruka, namwona ananitazama, narudi nyuma. Ndiyo maana mpaka leo nikiwa darini naongea peke yangu. Ulikuwa unanicheka ukiwa shuleni, ukirudi likizo na kunishikia ngazi. "Mama anaongea na dari." Nilikuwa naongea na Bi Rukia.

Jioni ya siku ile tulipokuwa tunamalizia korido, Bi Rukia alikwenda kuswali na mjomba akatoka kuvuta hewa. Suzana ndiye aliyebaki kushika ngazi. Akaniita kwa sauti ya chini:

"Mama."

"Nini, mwanangu?"

"Hii kamera inatazama huku?"

"Inatazama korido yote. Kwa nini?"

Akaangalia mlango wa bafu, halafu mlango wa kile chumba kidogo alicholala. Akasema, "Inaniona nikitoka kuoga. Baba mwenye nyumba naye anaiangalia kwenye simu."

Nilishuka ngazi. Nilikuwa nimefunga kamera ile mara mbili, mwanangu, mara ya kwanza vibaya na mara ya pili vizuri, na mara zote mbili sikuwa nimemwona Suzana. Mimi, niliyekuja mji huu kulala kwenye chumba kama kile, nikiosha vyombo vya mjomba. Nilimpimia waya, nikampimia ukuta, yeye sikumpimia. Na ndiye aliyeokoa watu ndani ya nyumba ile.

Bi Rukia alipotoka kuswali nilimwambia waziwazi, Suzana akiwa pale pale, ameinamisha uso. Niliogopa atasema binti wa kazi ana maneno. Aliitazama kamera, akautazama mlango wa bafu, akajifunika mdomo.

"Na mimi mwenyewe napita hapa na khanga moja," akasema. Halafu akaniuliza swali ambalo nilikuwa silitarajii kabisa: "Na wewe, fundi? Na wewe unatuona?"

Nikatoa simu yangu. Nilikuwa naona. Nilikuwa nimejiunganisha siku ya kwanza ili kujaribu picha, na sikuwahi kujitoa. Sikuwa nimechungulia, Mungu ananijua, lakini ningeweza, siku yoyote, nikiwa sokoni, nikiwa nakula. Akasimama bega kwa bega na mimi mpaka nikajitoa, akabadilisha neno la siri mwenyewe, akanigeuzia mgongo wakati analiandika. Hakunionea. Ile kamera ya korido tukaigeuza itazame mlango wa kutokea nje tu, na milango ya vyumba ikabaki nyuma yake.

Suzana aliolewa baadaye upande wa Nakonde, ana duka la nguo. Nikivuka mpaka ananiita kwa mbali, "Mama fundi!" na ananikalisha kwenye kigoda chake mpaka ninywe soda. Hatujawahi kuzungumzia tena siku ile.

Sasa nikuambie la Bibi yako. Hili unalijua kwa upande wako, ulikuwa mdogo. Sijui kama unalijua kwa upande wangu.

Bibi alipoanguka kule Ibaba, karibu na jiko lake la kuni, nilichanganyikiwa. Kaka zangu walitaka tumlete mjini. Akakataa, akasema hawezi kufia kwenye kelele za malori. Na mimi, fundi wa kamera, nikaona jibu ninalo mkononi. Nilipanda Ibaba na vifaa vyangu. Nilifunga kazi safi, mwanangu. Kufikia wakati ule nilikuwa nimekomaa. Laini yake, breka yake, bomba lake, mbali na moshi wa jiko, haitazami kitanda wala mahali pa kuogea. Kama yule mkaguzi angekuja asingepata la kusema. Kamera yenyewe ilikuwa na kipaza sauti, ukiwa huku unaongea, yeye anakusikia.

Mwanzoni tulifurahi sana. Unakumbuka? Ulikuwa ukitoka shule unakimbilia simu yangu, "Mama, nimwone Bibi!" Unamwona anachambua maharage, unamwimbia nyimbo za shuleni, naye anachekea ukutani. Kila asubuhi alikuwa anasimama mbele ya ile kamera, amejifunga kitenge chake cha kijani, anasalimia kwa Kindali kirefu, kama anavyosalimiwa mtu aliyetoka safari. Nikiwa na nafasi namwitikia. Nikiwa juu ya ngazi kwa watu, siitikii. Nitamwitikia mchana, najiambia. Mchana nakuta kazi nyingine.

Kabla ya kamera nilikuwa napanda Ibaba kila nilipopata upenyo. Njia mbaya, mvua ikinyesha gari linakwama, tunasukuma, tunafika tumejaa matope, na Bibi ametuchemshia viazi. Baada ya kamera nikaanza kusema, aah, si nimemwona asubuhi? Yuko salama. Mvua ikipita nitakwenda. Ikapita mvua na kahawa ikavunwa. Nilikuwa namwona kila siku, na kwa hiyo sikwenda.

Halafu nikaanza kuona kwamba asubuhi hasalimii tena. Anapita tu. Na kigoda chake alikuwa amekigeuza, amekaa ameipa kamera mgongo. Nikadhani ni mwanga wa dirisha anaufuata. Nikamwita kwenye kipaza sauti, "Mama, umeamkaje?" Akajibu bila kugeuka, "Nipo."

Tulipanda Pasaka, mimi na wewe na baba yako. Alikupokea wewe kwanza, akakushika mashavu, akakunusa kichwani kama anavyonuswa mtoto mchanga. Mimi nikawa napanga mizigo, nimejifanya fundi, nikapanda kwenye kiti kuifuta kamera vumbi. Akaniambia:

"Iache. Shuka nikuone."

"Mama, mbona tunaonana kila siku?"

"Wewe unaniona. Mimi sikuoni."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba chumvi imekwisha. Baba yako alitoka nje akajidai anaangalia gari. Mimi nilibaki juu ya kile kiti, kitambaa mkononi. Nilikuwa nimejua kupima kila kitu kwenye nyumba ile, urefu wa ukuta, njia ya waya, umbali wa moto, na hilo nilikuwa sijalipima kabisa.

Niliishusha siku hiyo hiyo. Wewe ndiye uliyenishikia zile skrubu kwenye kiganja, sijui kama unakumbuka. Nikaziba matundu kwa saruji, nikapiga chokaa. Jirani yake, mama mmoja wa Kilambya, akakubali kumpitia asubuhi na jioni, na sisi tukarudi kwenye barabara yetu ya matope. Bibi aliishi baada ya hapo kuliko tulivyotegemea. Alituona. Alikuona ukivunja sauti, akakucheka. Siku alipoondoka nilikuwa nimeshika miguu yake, ilikuwa baridi, nikawa naisugua. Nashukuru sana kwamba sikuyaona hayo kwenye simu.

Kwa hiyo juzi, uliponiuliza pale mezani, "Mama, niwafungie kamera sebuleni kabla sijaondoka, niwe nawaona wewe na baba?" na mimi nikajibu "Hapana" kwa mkato, ukaweka kijiko chini, nilijua nimekuumiza. Uliuliza kwa upendo. Ulikuwa umeshapima hata mahali, nilikuona ukitazama kona ya juu ya mlango, na ulichagua vizuri, ni pale pale ningechagua mimi. Nilishindwa kueleza kwa sababu baba yako alikuwepo, na likitajwa jina la Bibi huwa simalizi ninachosema.

Sina ugomvi na kamera. Zimenilisha, zimekusomesha. Zimewapa usingizi wanawake wengi wa mji huu ambao waume zao wako barabarani. Siku tukizeeka, mmoja wetu akianza kuanguka, utafunga, na mimi mwenyewe nitakuambia ukuta gani. Lakini sasa hivi miguu tunayo na simu tunazo. Ukitaka kujua kama baba yako amekula, piga uulize. Atakudanganya, utasikia kwamba anadanganya, mtacheka. Na ukikaa muda mrefu bila kutuona, acha ikuume. Ikikuuma ndiyo utapanda basi.

Huko uendako utakutana na wenye nyumba wa kila namna. Wengine watakuharakisha. Wengine watataka kamera mahali ambapo roho yako itakataa, na bosi wako atasema fanya, mteja ni mfalme. Sitakuandikia cha kufanya, una akili zako na una leseni yako mwenyewe, jambo ambalo mimi nilichelewa sana kulipata. Nimekuandikia tu niliyoyapitia ili siku ukiwa darini peke yako, umechoka, jua la Dodoma linakupikia mabati kichwani, usidhani wewe ndiye wa kwanza kutamani kusokota waya na kuzungushia tepu.

Sasa nakusikia huko nje. Unafunga lile begi kubwa kwa kamba na baba yako, yeye anasema fundo la dereva halifunguki, wewe unamwambia hili lako limeshafunguka, na mnacheka wote wawili kama wendawazimu. Kuna harufu ya mahindi ya kuchoma. Nani kawapa mahindi? Umeniita tena, "Mama, nguo gani hizo haziishi kukunjwa?" na nimekujibu nakuja.

Karatasi hii nitaisokomeza katikati ya mashati yako, utaikuta ukifika. Nimesema mengi na jua linazama, na nyinyi mko pale barazani bila mimi. Naja kukaa.

Mama yako